Hisa za Chipu Kati ya Tangazo na Tetesi

Hisa za kampuni ya chipu hununuliwa kwa kuamini maneno kuliko hisa za kampuni nyingi nyingine. Mwenye hisa za kiwanda cha bia au cha saruji anaweza kupita dukani akaona kama bidhaa inatoka au inalala. Chipu imefichwa ndani ya kompyuta. Ubora wake hupimwa na wataalamu wenye vifaa, wanunuzi wake wakubwa ni kampuni chache zinazopatana bei faraghani, na mpango wa chipu ijayo hutunzwa kwa siri miaka kadhaa kabla haijafika sokoni. Mwekezaji mdogo, yule mwenye hisa kumi au mia alizozinunua kwa akiba ya mshahara, hubaki na vyanzo viwili tu: kauli za kampuni yenyewe na tetesi za sokoni. Vyote viwili vimewahi kumtia hasara, na mara nyingi kimoja ndicho kilichokifungulia kingine mlango.

Historia ya AMD ya Marekani inalionyesha jambo hili waziwazi. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa California mwaka 1969, ilikaa kwa miongo kadhaa nyuma ya Intel katika soko la prosesa za kompyuta. Bei ya hisa yake ilikuwa ndogo, ikipanda na kushuka kwa kasi, na hilo liliwavutia watu wa kipato cha kawaida waliotumaini kwamba siku moja mnyonge angempiku mwenye nguvu. Watu hao walikuwa na lalamiko la muda mrefu: kampuni yao inaunda chipu nzuri lakini haijui kuzitangaza.

Lalamiko hilo lilikuwa na msingi. Mwaka 1991 Intel ilianzisha kampeni ya Intel Inside, ambayo nguvu yake haikuwa kibandiko peke yake bali fedha zilizokuwa nyuma yake. Mtengenezaji wa kompyuta aliyeonyesha nembo ya Intel katika matangazo yake alirudishiwa na Intel sehemu ya gharama za matangazo hayo. Ndani ya miaka michache wanunuzi wasiojua prosesa ni kitu gani walikuwa wakiingia dukani na kuuliza kama kompyuta ina Intel. AMD ilikuwa ya kwanza kutoa prosesa ya kompyuta za kawaida yenye kasi ya gigahezi 1, Machi 2000, siku chache kabla ya mshindani wake, lakini ushindi huo haukubadilisha sana mazoea ya wanunuzi. Kulikuwa na sababu nyingine pia. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya iliitoza Intel faini ya euro bilioni 1.06 kwa punguzo la bei lililotolewa kwa masharti kwa watengenezaji wa kompyuta, na mwaka huohuo Intel iliilipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza migogoro yao. Faini ya Ulaya ilifutwa na mahakama mwaka 2022, ila malipo kwa AMD yalikuwa yamekwisha kufanyika.

Ikiwa nyuma kwa fedha za matangazo, AMD iligeukia namba. Mwishoni mwa mwaka 2001 ilitoa Athlon XP 1800+, prosesa iliyokuwa ikienda kwa megahezi 1,533. Namba 1800 haikuwa kasi ya chipu. Ilikusudiwa kueleza kwamba kazi inayofanywa inalingana na ya chipu ya kasi kubwa zaidi. Kihandisi hoja hiyo ilikuwa sahihi, kwa sababu prosesa mbili zenye kasi sawa zinaweza kufanya kiasi tofauti cha kazi kwa sekunde, na Pentium 4 ya Intel ya wakati huo ilikimbia sana huku ikifanya kazi ndogo kwa kila hatua. Lakini desturi ilikuwa imeanza ya kuweka kwenye boksi namba inayohitaji maelezo. Mnunuzi akihitaji maelezo ili kuielewa namba, mwenye hisa anayahitaji mara mbili.

Desturi hiyo ilifika pabaya Oktoba 2011, AMD ilipotoa prosesa za FX zenye muundo ulioitwa Bulldozer. Zilitangazwa kuwa za kwanza kwa kompyuta za mezani zenye viini vinane. Ndani yake kulikuwa na moduli nne, kila moja ikiwa na sehemu mbili za kukokotoa namba kamili, huku sehemu ya namba za desimali na ile ya kupokea na kufasiri maagizo zikitumiwa kwa ushirika na pande zote mbili. Je, hivyo ni viini vinane au vinne? Wahandisi wanaweza kubishana hadi usiku wa manane, na kila upande una hoja. Kilichoonekana wazi ni matokeo ya majaribio: katika kazi nyingi prosesa hizo zilipitwa na za Intel zenye viini vinne. Mwaka 2015 wanunuzi walifungua kesi ya pamoja California wakidai walidanganywa kuhusu idadi ya viini, na mwaka 2019 AMD ilikubali kulipa dola milioni 12.1 kuimaliza bila kukiri kosa.

Hiyo ilikuwa kesi ya wanunuzi wa bidhaa. Ya wenye hisa ilikuwa nzito zaidi, na ilihusu chipu nyingine ya AMD ya mwaka 2011, Llano, iliyounganisha prosesa na uwezo wa michoro katika kipande kimoja. Viongozi wa AMD waliisifu Llano kwa wawekezaji. Walalamikaji walidai kwamba wakati sifa hizo zikitolewa, kiwandani kulikuwa na matatizo ya uzalishaji ambayo hayakuelezwa kama yalivyokuwa, na kwamba baadaye, chipu zilipopatikana kwa wingi, wateja walikuwa wamekwisha kwenda kwingine. Oktoba 2012 kampuni ilitangaza kupunguza thamani ya shehena iliyokwama kwa takriban dola milioni 100. Hisa iliyokuwa juu ya dola 8 mwezi Machi mwaka huo ilikuwa chini ya dola 2 mwezi Novemba. Aliyenunua kwa kuzisikiliza sifa za Llano alibaki na chini ya robo ya fedha zake. Kesi ilimalizika kwa AMD kulipa dola milioni 29.5, tena bila kukiri kosa.

Fidia za namna hii zina kasoro ambayo mwekezaji mdogo huigundua akiwa amechelewa. Fedha hutoka kwenye mfuko wa kampuni au wa kampuni yake ya bima, na mfuko wa kampuni ni mali ya wenye hisa. Mtu aliyenunua kabla ya kuanguka kwa bei na akaendelea kushikilia hisa zake huchangia fidia anayolipwa yeye mwenyewe, baada ya mawakili kukata ujira wao. Kiongozi aliyetoa kauli mara nyingi hatoi senti kutoka mfukoni mwake. Huu ni udhaifu wa kweli wa sheria, na haustahili kuitwa haki kwa sababu tu hundi imefika.

Sheria ya Marekani inatofautisha aina tatu za kauli za kampuni. Kuna sifa za jumla, kama vile kusema bidhaa ni ya kusisimua au wateja wameipokea vizuri, ambazo mahakama huzichukulia kuwa majigambo ya kawaida ya mfanyabiashara na haziwezi kumtia mtu hatiani. Kuna makadirio ya siku zijazo, ambayo tangu sheria ya mwaka 1995 yanalindwa mradi yaambatane na tahadhari za maana. Halafu kuna kauli za jambo lililopo: chipu imeshaanza kuzalishwa, shehena imeshaondoka, kiasi fulani kimeuzwa. Hizi za mwisho ndizo zinazoweza kuifikisha kampuni mahakamani. Wanaoandika taarifa za kampuni wanaijua mipaka hiyo vizuri sana, ndiyo maana sentensi ya kusifu huwa na uzito mdogo mno kuliko inavyosikika. Sentensi inayosema mahitaji ni makubwa haijasema lolote kuhusu kiasi kilichouzwa.

Mahali ambapo kampuni husema kwa ulegevu, au hunyamaza, ndipo tetesi huota. Katikati ya mwaka 2015, hisa ya AMD ikiwa katika dola 2 hivi, zilienea habari kwamba Microsoft inafikiria kuinunua. Ununuzi huo haukutokea. Katika vipindi kama hivyo swali la wenye hisa wadogo huwa lilelile: kwa nini uongozi hautoki kukanusha au kuthibitisha, watu wakajua moja?

Jibu liko katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1988, katika kesi ya Basic dhidi ya Levinson. Kampuni ya Basic ilikuwa imekanusha mara tatu kwamba inajadiliana kuungana na kampuni nyingine, ilhali mazungumzo yalikuwa yakiendelea. Waliouza hisa zao kwa kuamini ukanushaji huo walikosa faida muungano ulipotangazwa. Mahakama ilisema kwamba kukanusha jambo la kweli lenye uzito kwa wawekezaji ni upotoshaji, lakini kampuni inayosema haina la kusema haijamdanganya mtu. Tangu hapo mawakili wengi hutoa ushauri mmoja: usizungumzie tetesi kamwe, hata za uongo mtupu. Kampuni ikizikanusha za uongo na kunyamazia za kweli, ukimya wake utakuwa jibu. Kwa hiyo anayeusoma ukimya kama kukubali anakosea, na anayeusoma kama kukataa anakosea vilevile.

Ugumu unazidi kwa kuwa baadhi ya tetesi huwa za kweli. Tarehe 14 Agosti 2025 shirika la habari la Bloomberg liliripoti kwamba serikali ya Marekani inazungumza na Intel kuhusu kuchukua sehemu ya umiliki. Hisa ilipanda siku hiyohiyo. Siku nane baadaye ilitangazwa rasmi kwamba serikali inachukua karibu asilimia 10 kwa dola bilioni 8.9. Mwaka uliotangulia, Septemba 2024, iliripotiwa kwamba kampuni ya chipu ya Qualcomm imeikaribia Intel kwa nia ya kuinunua. Hisa ilipanda vilevile, na hakuna kilichonunuliwa. Habari zote mbili zilitoka katika vyombo vinavyoheshimika, zote zikitegemea vyanzo visivyotajwa. Siku ya kwanza hakukuwa na alama yoyote ya kumwezesha mtu wa kawaida kuzitofautisha.

Tetesi iliyowaudhi zaidi wenye hisa wa AMD ilikuja Machi 2018, na inafaa kuangaliwa kwa kina kwa sababu ilichanganya ukweli, chumvi na maslahi. Miezi miwili kabla, dunia ilikuwa imetangaziwa kasoro za usalama za Meltdown na Spectre zilizozikumba prosesa za kampuni mbalimbali. AMD ilisema tarehe 3 Januari kwamba hatari ya aina ya pili ya Spectre kwa chipu zake inakaribia sifuri. Tarehe 11 Januari ilieleza kwamba kasoro hiyo inazihusu prosesa zake na kwamba marekebisho yangetolewa, ikisisitiza kuwa msimamo wake haujabadilika. Kwa mhandisi, kauli mbili hizo zinaweza kupatanishwa. Kwa mwenye hisa aliyesoma ya kwanza na kununua, ya pili ilikuwa pigo, na imani iliyotetereka haikupata muda wa kutulia.

Tarehe 13 Machi kampuni isiyojulikana sana ya Tel Aviv, CTS Labs, ilitangaza kasoro 13 katika prosesa za AMD za Ryzen na EPYC, ikazipa majina ya kutisha na kuziwekea tovuti na video. Desturi ya watafiti wa usalama ni kumpa mtengenezaji siku 90 au zaidi kabla ya kutangaza. Kwa Spectre watengenezaji walikuwa wamepewa zaidi ya miezi sita. AMD ilipewa chini ya siku moja. Karibu wakati uleule Viceroy Research, kundi linalopata faida hisa za kampuni zikianguka, lilitoa ripoti ndefu iliyoitangazia AMD kifo, ikidai kwamba thamani ya hisa yake ni sifuri na kwamba itabidi ifilisike.

Namna kundi kama hilo linavyopata faida inapaswa kueleweka. Mtu huazima hisa kwa dalali na kuziuza kwa bei ya leo. Bei ikishuka, huzinunua tena kwa bei ya chini, huzirudisha kwa mwenyewe na kubaki na tofauti. Biashara hiyo ni halali, na wakati mwingine ina manufaa kwa umma, kwani wanaoifanya huchimbua uozo ambao wakaguzi wameupita. Viceroy yenyewe ilikuwa imejipatia jina Desemba 2017 kwa ripoti kuhusu Steinhoff ya Afrika Kusini, kampuni ambayo udanganyifu wa hesabu zake ulikuja kuthibitika. Mwezi uliofuata ikaigeukia benki ya Capitec ya nchi hiyohiyo. Hisa iliporomoka kwa ghafla, Benki Kuu ya Afrika Kusini ikatoa kauli kwamba benki hiyo ina mtaji wa kutosha, na Capitec ikaendelea na kazi. Hivyo ilipofika zamu ya AMD, jina la Viceroy lilibeba sifa ya kupatia na ya kukosea kwa pamoja.

Kasoro zenyewe zilikuwepo. AMD ilithibitisha hilo tarehe 20 Machi, ikieleza kwamba kuzitumia kunahitaji mshambuliaji awe tayari na mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, na kwamba marekebisho yangetoka ndani ya wiki chache. Mwizi mwenye funguo zote za nyumba ana mengi ya kufanya hata bila kasoro hizo. CTS Labs nayo ilikuwa imeandika katika tahadhari zake kwamba huenda ina maslahi ya kifedha katika kampuni zinazotajwa, maneno ambayo waliokimbilia kuuza hawakuyafikia. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliandika hadharani kwamba tangazo lile lilionekana kwake zaidi kama jaribio la kuchezea bei ya hisa kuliko onyo la usalama. Hisa ya AMD, iliyokuwa kwenye dola 11 na ushee, ilitikisika kidogo tu. Mwaka ulipoisha ilikuwa juu ya dola 18, na ndiyo iliyopanda zaidi kuliko zote katika faharasa ya S&P 500 mwaka huo. Safari hii chipu zenyewe ndizo zilizojibu, kwa sababu Ryzen, iliyotoka Machi 2017, ilifanya kile ambacho Bulldozer iliahidi tu.

Kampuni iliyorithi nafasi ya kuongelewa zaidi ni Nvidia, na kwake suala la matangazo limeingia hadi katika hesabu za mapato. Mwaka 2017 kadi zake za michoro, zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta, zilinunuliwa kwa wingi na watu wanaochimba sarafu za kidijitali. Mapato ya kitengo cha michezo yakapaa. Wawekezaji walihitaji kujua ni kiasi gani kinatoka kwa wachezaji, ambao hurudi kila miaka michache, na kiasi gani kwa wachimbaji, ambao huondoka bei ya sarafu ikianguka. Novemba 2018 kampuni ilitangaza makadirio hafifu ya mapato kwa sababu ya shehena ya kadi iliyobaki sokoni, na hisa ikapoteza zaidi ya robo ya thamani yake katika siku mbili za biashara. Mei 2022 Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani iliitoza Nvidia dola milioni 5.5 kwa kutoeleza katika robo mbili mfululizo kwamba uchimbaji ulikuwa sehemu muhimu ya ongezeko hilo. Nvidia haikukiri wala kukana. Mapato yake ya mwaka wa fedha ulioishia Januari 2022 yalikuwa karibu dola bilioni 26.9, kwa hiyo faini nzima haikufikia mapato ya saa mbili.

Katika matangazo ya bidhaa hali ni ileile. Januari 2025 mkuu wa Nvidia, Jensen Huang, alisema jukwaani kwamba kadi ya RTX 5070 ya dola 549 ingekuwa na uwezo wa RTX 4090, iliyozinduliwa kwa dola 1,599. Ulinganisho huo ulitegemea picha za ziada zinazobuniwa na akili mnemba kati ya picha zilizochorwa kweli, na Huang mwenyewe alisema isingewezekana bila akili mnemba. Waliosikia sentensi ya kwanza walikuwa wengi kuliko waliosikia ya pili.

Wiki tatu baadaye nusu ya habari ikafanya kazi upande wa pili. Kampuni ya China ya DeepSeek ilikuwa imetoa modeli zake za akili mnemba, na ikasambaa kwamba zimeundwa kwa dola milioni 5.6. Waraka wa DeepSeek wenyewe ulieleza kwamba namba hiyo ni gharama ya chipu kwa mafunzo ya mwisho ya modeli ya V3, bila utafiti na majaribio yaliyotangulia. Tarehe 27 Januari hisa ya Nvidia ilishuka kwa asilimia 17, na karibu dola bilioni 589 za thamani ya soko zikapotea, anguko kubwa kuliko lolote lililowahi kuikuta kampuni moja kwa siku moja. Kesho yake ilipanda kwa karibu asilimia 9. Mnamo Julai mwaka huo Nvidia ikawa kampuni ya kwanza duniani kufikia thamani ya dola trilioni 4.

Masuala haya yamefika pia Afrika Mashariki, ambako programu za simu sasa zinamruhusu mtu wa Nairobi kununua hata sehemu ya hisa moja ya Marekani. Saa zenyewe zinamwelemea. Wakati wa majira ya baridi ya New York soko hufunguliwa saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa za Afrika Mashariki na kufungwa saa sita usiku. Nvidia hutoa matokeo yake baada ya soko kufungwa, na bei huanza kusogea katika biashara ya ziada muda huohuo, mnunuzi wa Nairobi akiwa usingizini. Anapoamka, habari imeshalipiwa na wengine.

Sheria imejaribu kupunguza pengo hilo. Tangu Oktoba 2000 kampuni za Marekani haziruhusiwi kuwanong'oneza wachambuzi na mifuko mikubwa jambo zito kabla ya kulitangaza kwa wote. Ripoti za kila robo mwaka huwekwa wazi kwa yeyote, bila malipo. Humo, katika sehemu za hatari, shehena na wateja wakubwa, lugha huwa kavu na yenye kujihadhari kuliko jukwaani, kwa kuwa kila sentensi inaweza kushitakiwa. Viongozi wakiuza hisa zao hupaswa kuripoti ndani ya siku mbili za kazi, na idadi ya hisa zilizouzwa kwa kuazimwa huchapishwa mara mbili kwa mwezi. Kuzilinganisha habari hizo na tangazo au tetesi iliyovuma kunachukua jioni nzima, na ni kazi ambayo mwekezaji mdogo anaiweza.

Asichokiweza ni kuingia ndani ya kampuni, na hilo ndilo lililobishaniwa katika kesi ambayo mfuko wa uwekezaji wa Sweden na mfuko wa pensheni wa Uholanzi, yote miwili ikitunza akiba za watu wengi wa kawaida, iliifungua dhidi ya Nvidia kuhusu mapato yale ya uchimbaji. Walalamikaji walitegemea hesabu za washauri wa nje, zilizodai kwamba zaidi ya dola bilioni 1 haikuelezwa inavyopaswa. Nvidia ilijibu kwamba makadirio ya mtu wa nje hayatoshi kuanzisha kesi bila nyaraka za ndani zinazoonyesha viongozi walijua nini. Mahakama ya rufaa iliwakubalia walalamikaji mwaka 2023. Tarehe 11 Desemba 2024 Mahakama ya Juu, iliyokuwa imeshasikiliza hoja za pande zote, iliiondoa rufaa ya Nvidia bila kuamua swali lenyewe, na kesi ikaruhusiwa kuendelea katika mahakama ya chini ya California.